Ubao Wenye Tundu: Somo la Kutengeneza Spika Nyumbani

Zamani za misafara watu waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora, na kutoka Tabora kwenda Ujiji, walikwenda mmoja nyuma ya mwenziwe katika njia nyembamba, na msafara mmoja uliweza kuwa na mamia ya watu. Aliye nyuma kabisa hakuweza kumsikia aliye mbele. Kwa hiyo kirangozi, ndiye kiongozi aliyetangulia na bendera, alifuatana na mpiga ngoma, na pembe ya tandala ilipigwa ili watu wote wajue ya kuwa safari imeanza, au ya kuwa mji umekaribia. Mwingereza Burton, aliyefika Kaze, mahali palipo Tabora ya sasa, tarehe 7 Novemba 1857, aliandika habari za misafara hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1860. Basi shida ya kuwafikishia sauti watu wa nyuma si ngeni katika nchi ya Unyamwezi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ikaisha. Lakini shida yenyewe ingali nasi, nayo twaikuta ndani ya nyumba tukusanyikazo.

Katika usharika mmoja ulio kando ya reli, upande wa magharibi wa Tabora, tulikuta watu wamechanga mahindi na asali, wakauza, wakanunua masanduku mawili makubwa ya spika. Vyombo vile vilikuwa vizuri kwa macho. Vilipowashwa nyumba yote ilivuma, na vioo vya madirisha vikatetemeka. Hata hivyo mama mmoja mzee, aliyekaa benchi la mwisho, alirudi kwake pasipo kujua ya kuwa maziko ya jirani yake yametangazwa kuwa saa nane siku ile ile. Sauti aliisikia, maneno hakuyasikia.

Tangu hapo tumekuwa tukiwaambia watu habari za chombo kingine, kisicho sanduku hata kidogo, ambacho kijana yeyote ajuaye kushika msumeno aweza kukitengeneza kwa siku mbili. Ni ubao wenye tundu, na katika tundu lile spika moja iliyotolewa katika redio kuukuu. Hakuna kitu kingine nyuma yake, ila hewa. Wengi wakikiona hudhani ya kuwa kazi haijakwisha. Tutaeleza kwanza kwa nini kinafaa, ndipo tufundishe namna ya kukifanya. Kwa maana mtu asiyejua sababu ataukata ubao mdogo ili kubana matumizi ya mbao, na kazi yake yote itakuwa bure.

Lakini tusichanganye majina. Watu wengi huviita vyombo vyote vya namna hii “kipaza sauti”. Sisi katika somo hili tutasema maikrofoni kwa kile anenewacho msemaji mbele ya kinywa chake, amplifaya kwa mashine ya katikati iongezayo nguvu, na spika kwa kile kitoacho sauti kwa wasikiaji.

Ndani ya spika mna vitu vitatu vya maana: sumaku, koili ya waya mwembamba, na koni ya karatasi. Umeme utokao katika amplifaya hupita katika koili. Na kwa sababu koili i karibu na sumaku, husukumwa na kuvutwa mara nyingi kila sekunde. Koili imegandishwa na koni, kwa hiyo koni hutikisika pamoja nayo na kuitikisa hewa. Chombo cha namna hii kilielezwa vema mwaka 1925 na Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya General Electric. Ijapokuwa muda mrefu umepita, spika iliyo ndani ya redio ya nyumbani kwako haitofautiani na ile kwa asili yake. Nao wale mabwana waliona mapema ya kuwa spika tupu haitoshi, ni lazima ifungwe katika ubao.

Kwa nini? Kwa kuwa koni ina nyuso mbili. Inapokwenda mbele, husukuma hewa iliyo mbele yake, na wakati huo huo huvuta hewa iliyo nyuma yake. Inaporudi, mambo hugeuka. Basi spika hutoa sauti mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, nazo ni kinyume kabisa. Sauti hizo zikikutana huuana, kama maji yajazayo shimo: palipo na msukumo huingia mvuto, na hewa haitikisiki tena. Sauti nyembamba hazidhuriki sana, kwa maana mawimbi yake ni mafupi na hutangulia mbele kabla ya kuzungukwa. Sauti nene zina mawimbi marefu, nazo huzunguka ukingo wa spika kwa wepesi na kukutana na wenzake wa nyuma.

Msomaji asituamini kwa maneno tu, na ajaribu. Twaa spika ndogo iliyofungwa waya kwenye redio, uishike mkononi hivi hivi, usikilize. Utasikia sauti kavu, nyembamba, kama ya mdudu aliye ndani ya chupa. Kisha kata tundu katika karatasi ngumu ya boksi, kiasi cha uso wa spika, uibandike spika penye tundu. Papo hapo sauti ya mtu anenaye itakuwa nene na yenye kifua. Hukuongeza umeme wala hukubadili spika. Umezuia tu sauti ya nyuma isikutane na ya mbele upesi. Tumeyaonyesha hayo mbele ya watoto wa shule, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kuelezwa mara ya pili.

Mfano mwingine tunao katika ngoma zetu. Tari ya watu wa pwani, iliyoletwa bara na misafara ile ile, ni ngozi iliyowambwa juu ya duara jembamba la mti, na nyuma yake ni wazi. Ngoma kubwa ya Kinyamwezi ina mzinga mrefu nyuma ya ngozi. Zipo sababu nyingi za ngoma kuvuma kuliko tari, lakini mojawapo ni hii, kwamba mzinga huizuia hewa ya nyuma isiirudie ya mbele.

Sasa twaja kwenye hesabu, nayo si ngumu. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Sauti yenye mitetemo 1,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 34. Sauti yenye mitetemo 100 ina wimbi la mita 3 na sentimita 40, yaani refu kuliko kitanda. Ukiwa na ubao wa upana wa sentimita 60, na spika i karibu na katikati, sauti ya nyuma hutembea kiasi cha sentimita 30 kabla ya kuufikia ukingo. Kwa ubao wa namna hiyo sauti huanza kupungua chini ya mitetemo 190 hivi, na toka hapo, kila mitetemo ikishuka nusu, msukumo wa sauti nao hupungua nusu. Upana ukiwa sentimita 120, mpaka huo hushuka hata karibu na 95. Ndiyo sababu twasema ubao mdogo ni hasara.

Je, mitetemo 190 yatosha? Sauti ya mwanamume anenapo huanzia karibu na 100, na ya mwanamke karibu na 200. Lakini maneno hayakai huko chini. Herufi zitofautishazo “pata” na “kata”, au “siku” na “shuku”, zote zimo juu zaidi. Simu za zamani zilipitisha mitetemo toka 300 hata 3,400 tu, na watu wakaelewana vizuri, wakajuana hata kwa sauti. Tena sikio la binadamu ni la ajabu: likisikia sehemu za juu za sauti ya mtu, hujijazia lenyewe sehemu ya chini iliyokosekana. Kwa hiyo ubao wa sentimita 60, ambao kwa mpiga gitaa la besi ni kitu duni, kwa msomaji wa matangazo ni chombo kamili.

Watu hutuuliza, mbona basi spika za dukani zimo katika masanduku? Sanduku hufungia sauti ya nyuma isitoke kabisa, na likifanywa kwa hesabu nzuri hutoa sauti nene kwa chombo kidogo. Hesabu hizo zilikamilishwa na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na Richard Small baada yake, miaka ya 1970. Hatuyadharau masanduku yaliyofanywa kwa akili. Tunayoyalaumu ni yale ya mbao nyepesi, yaliyopigwa misumari pasipo hesabu, ambayo yenyewe huvuma kama debe na kuimeza kila herufi ya msemaji. Na kwa mtu mwenye fedha kidogo ni hayo hasa ayapatayo.

Wazee watakumbuka redio kubwa za mbao. Hizo hazikuwa na sanduku la kufunga. Nyuma zilikuwa wazi, au zimefunikwa kwa kadibodi yenye matundu mengi, ili taa za ndani zipate hewa. Yaani zilikuwa ubao wenye tundu, uliokunjwa mbavu zake nyuma. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kusikiwa mwaka 1951, na Redio Sauti ya Injili ya Addis Ababa toka mwaka 1963 hata ilipochukuliwa na serikali ya huko mwaka 1977, wengi walizisikiliza kwa vyombo vya namna hiyo, na hata leo hukumbuka utamu wa sauti yake. Hawakukosea, maana sauti isiyobanwa ndani ya sanduku haina mvumo wa sanduku.

Iko faida moja tena, na kwa nyumba zetu ndiyo kubwa kuliko zote. Tumesema sauti za mbele na nyuma zikikutana huuana. Basi ubao huzizuia mbele na nyuma, lakini kandoni, mahali ambapo mtu huuona ubao kwa ukingo wake tu, sauti hizo hukutana zikiwa sawasawa, na hapo pana karibu kimya. Chombo hiki hunena mbele, na nyuma yake, wala hakineni ubavuni. Upande wa juu na wa chini ni vivyo hivyo.

Tafakari sasa nyumba ilivyo. Tembe za zamani za Unyanyembe, kama ile ya Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, zilikuwa na vyumba vya chini, kuta nene za udongo, na paa la udongo juu ya miti. Ndani ya nyumba kama hiyo neno hutoka likafika, halirudi. Siku hizi twajenga kwa saruji laini na mabati, na sakafu nayo ya saruji. Neno moja hupiga ukuta, likapiga bati, likarudi, na kabla halijafa la pili limetoka. Sanduku linalomwaga sauti pande zote hulisha mwangwi huo. Ubao hutupa sauti mbele, na hautupi nyingi kwenye kuta za kando wala kwenye bati lililo juu yake. Kwa hiyo lililo kubwa masikioni mwa wasikiaji ni neno lenyewe. Mvua kubwa ikianguka juu ya bati, bila shaka, hakuna chombo kitakachosaidia, na msemaji mwenye hekima hungoja.

Twaja kwenye kazi. Kwanza tafuta spika. Mafundi wa redio katika miji ya njia ya reli, toka Manyoni na Itigi mpaka Urambo, Kaliua na Uvinza, wanazo redio mbovu zilizokufa mashine lakini spika zake ni nzima. Tafuta spika pana, sentimita 20 au 25, yenye koni nyepesi ya karatasi na ukingo wa karatasi uliokunjwa-kunjwa au wa kitambaa. Usivutwe na spika ya gari yenye mpira mnene na sumaku nzito kupita kiasi. Hiyo imefanyiwa sanduku, na katika ubao wazi itakuwa na sauti kavu. Hapa kitu cha bei ndogo ndicho kifaacho zaidi, jambo ambalo si la kila siku.

Ijaribu kabla ya kulipa. Weka vidole viwili vya kila mkono pande mbili za katikati ya koni, usukume polepole sana. Koni iende na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku, iache. Kisha twaa betri moja ya tochi ya volti 1.5, uguse waya mbili kwenye ncha za spika kwa kitambo kidogo tu. Koni ikiruka mbele, ile ncha iliyogusa upande wa chanya wa betri ndiyo chanya ya spika. Itie alama nyekundu. Alama hiyo ni ya lazima ukitaka kutumia spika mbili, kwa maana moja ikifungwa kinyume zitauana kama tulivyoeleza. Karatasi iliyopasuka kidogo yaweza kuzibwa kwa kipande cha karatasi nyembamba na gundi, pasipo kutia gundi nyingi.

Ubao na uwe na upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 90 au zaidi, na unene wa milimita 18. Plaiwudi nzuri yafaa. Zile mbao zilizofanywa kwa unga wa mbao na gundi hukatika vizuri, lakini zikipata unyevu wakati wa mvua, toka Novemba hata Aprili, huvimba na kumomonyoka, basi sharti zipakwe rangi pande zote pamoja na kingo zake. Tabora ina bahati ya mninga, nao ni mti mzuri sana kwa kazi hii, kwa kuwa haupindi wala haunyauki sana ukikauka. Ila mninga umekuwa ghali, na si haki kukata mti mzima kwa ajili ya spika moja. Mwombe seremala mabaki ya vitanda na milango. Mbao nne nyembamba zilizounganishwa kwa gundi na kufungwa mbavu mbili nyuma hufanya ubao mmoja mzuri. Mradi pasiwe na ufa unaopitisha hewa.

Tundu usilikate katikati kabisa. Spika ikiwa katikati, sauti ya nyuma huufikia kila ukingo kwa wakati mmoja, na sauti moja fulani huharibika sana kuliko nyingine. Ukilisogeza kandoni kidogo, madhara hayo hutawanyika yasisikike. Kwa ubao wetu, kitovu cha tundu na kiwe sentimita 25 toka ukingo mmoja na 35 toka wa pili. Kwa kimo, angalia masikio ya watu walioketi, yaani karibu na mita 1 toka sakafuni. Nasi huweka kitovu sentimita 60 toka chini ya ubao, kisha twainua ubao juu ya miguu yake.

Pima ndani ya mduara wa matundu ya bolti za spika, wala si ukingo wa nje, la sivyo spika itapita tunduni na kuanguka upande wa pili. Spika ya sentimita 25 huhitaji tundu la 23 hivi, lakini pima ya kwako. Piga msumari mdogo penye kitovu, funga uzi na penseli, uchore duara. Toboa kwa keekee ndani ya mstari, ingiza msumeno mwembamba, ukate polepole. Kisha geuza ubao, na kwa tupa ulegeze ukingo wa tundu upande wa nyuma, uwe mteremko, kwa maana ubao mnene huifanya spika kunena kama iliyo ndani ya bomba.

Kati ya spika na ubao weka mkanda wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu ya baiskeli. Mpira huo huziba hewa na kuzuia mtetemo. Funga kwa bolti nne na nati, si kwa skrubu, kwa sababu skrubu hulegea upesi katika mbao. Kaza kidogo kidogo kwa kupishana, kama ufanyavyo nati za gurudumu la gari. Ukikaza upande mmoja wa kwanza mpaka mwisho, chuma cha spika kitapinda na koili itagusa.

Miguu ni pembetatu mbili za mbao zilizopigwa nyuma, ubao ukiegemea nyuma kidogo sana. Wapendao wanaweza kuongeza mbawa, yaani mbao mbili za upana wa sentimita 20 zilizofungwa kandoni na kuelekea nyuma. Mbawa huirefusha njia ya sauti ya nyuma, nazo hushusha mpaka wetu toka 190 kuelekea 120 hivi. Usizifanye pana zaidi, maana hapo utakuwa umerudi kwenye sanduku, na sauti itakuwa ya mtu anenaye ndani ya pipa.

Katika waya hatuna mengi. Tumia waya wa nyuzi mbili usio mwembamba, ulehemu ncha zake, usizisokote tu. Spika nyingi za kale ni za omu 4 au 8. Tazama amplifaya yako yaruhusu ngapi, usishuke chini yake. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba huwa 4. Zikifungwa moja baada ya nyingine huwa 16. Amplifaya ndogo ya wati 10, itumiayo betri ya volti 12 iliyojazwa kwa jua, hutosha kwa nyumba ya watu mia, lakini weka fyuzi karibu na betri, kwa kuwa betri ya gari yaweza kuchoma waya mpaka ukashika moto. Kama herufi “s” na “sh” zinafifia, ongeza spika ndogo ya sauti nyembamba yenye kapasita ya mikrofaradi 4.7 katika waya wake wa chanya. Kwa maneno matupu mara nyingi haihitajiwi.

Mahali pa kuuweka ubao ni jambo kubwa kuliko wengi wadhaniavyo. Usiuegemeze ukutani. Nyuma yake pawe na mita 1 au zaidi, la sivyo sauti ya nyuma itapiga ukuta na kurudi upesi kuivuruga ya mbele. Na kama nafasi ni ndogo, tundika blanketi au mkeka mnene ukutani pale. Uso wa ubao uelekee benchi za katikati na za mwisho. Msemaji na maikrofoni yake wakae ubavuni mwa ubao, katika mstari wa ukingo wake, penye kile kimya tulichokieleza. Hapo ule mlio mkali kama wa mbinja, unaotokea maikrofoni inapoisikia spika yake yenyewe, hupungua sana. Ubao mmoja ulio karibu na msemaji ni bora kuliko minne iliyotawanywa pembeni, kwa maana watu hupenda kusikia sauti itokako kinywa kilipo. Na jaribio lifanywe watu wakiwa wameketi ndani. Nyumba tupu huwa na mwangwi mwingi. Miili na nguo za watu huunywa.

Ni haki kueleza pia kisichowezekana. Ubao huu haufai kwa mkutano wa uwanjani wenye watu elfu, wala haufai kwa kwaya yenye kinanda cha umeme na gitaa la besi. Nyuma ya koni hakuna hewa iliyofungwa ya kuizuia. Ukiipa sauti nene kwa nguvu, koni itaruka kupita kiasi na kupasuka. Kwa hiyo kitufe cha besi katika amplifaya kirudishwe nyuma, na vijana wa kwaya waelezwe sababu yake mapema, kabla hawajafika peke yao siku ya mazoezi. Usharika utakao vyote viwili na uwe na ubao kwa maneno, na sanduku moja zuri kwa muziki, lililonunuliwa kwa fedha iliyobaki.

Mbele ya spika twaweka kitambaa chepesi cha pamba. Kipime kwa kukipuliza: pumzi ikipita bila kuzuiliwa, sauti nayo itapita. Nyuma pigilia wavu wa waya wenye macho madogo, kwa ajili ya panya wapendao karatasi ya koni, na kwa ajili ya vidole vya watoto. Wavu hauwazuii nyigu wa udongo, ambao hujenga nyumba zao nyuma ya sumaku mahali palipo na joto. Hao hutazamwa kila mwezi. Miguu na ikae juu ya mawe au vipande vya tofali, mchwa wasipate njia. Na kila mwaka, mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua ya kwanza, nati zote nne zikazwe tena, maana wakati wa kiangazi mbao hunyauka kidogo, na nati iliyolegea hutoa mlio ambao watu watadhani ni ubovu wa spika.